Kijani cha The Hay Wain: jibu kwa mwalimu wa Morogoro anayejifunza rangi za mafuta

"Shikamoo Mwalimu. Nafundisha shule ya msingi hapa Morogoro. Nimechora kwa penseli tangu utotoni, na mwaka huu nimeanza rangi za mafuta, peke yangu, bila wa kunielekeza. Nyumbani kwa shangazi kulikuwa na kalenda kuukuu yenye picha ya gari la farasi limesimama ndani ya mto, nyumba ya kizamani pembeni, miti mikubwa na mawingu. Nimekuja kujua inaitwa The Hay Wain, ya John Constable. Nimeinakili mara tatu, kila mara kwenye kitambaa cha marekani nilichokigongomelea mwenyewe kwenye fremu. Majani yanatoka kama ya plastiki. Mawingu yanakuwa pamba. Ya pili imeanza kupasuka kwenye mbingu na haijatimiza miezi miwili. Labda ni kwa sababu tyubu ya nyeupe ni ghali, nikachukua nyeupe ya kopo, ile ya kupaka milango. Rafiki yangu ananiambia kunakili ni wizi, na kwamba kama nataka mandhari ya shamba, milima ya Uluguru iko mlangoni. Niendelee au niache?"

Marahaba, binti yangu. Endelea. Lakini kwa miezi michache ijayo usiinakili tena picha nzima, na ukiirudia usianzie kwenye majani.

Nianze na rafiki yako, maana neno alilosema ni zito na lina nusu ya ukweli. Constable mwenyewe alijifunza kwa kunakili. Alizaliwa mwaka 1776 East Bergholt, kijiji cha Suffolk, mashariki mwa Uingereza, mtoto wa mfanyabiashara mwenye vinu vya kusaga nafaka. Angali kijana, mpenzi mmoja wa sanaa aitwaye George Beaumont alimwonyesha picha ya Claude Lorrain, mchoraji wa mandhari wa karne ya 17, ile ya Hajiri na malaika, na baadaye Constable akainakili. Mwaka 1823, miaka miwili baada ya kuonyesha The Hay Wain, akiwa na umri wa miaka 47, alikwenda tena nyumbani kwa Beaumont na kukaa wiki kadhaa akinakili picha za Claude. Alinakili pia Ruisdael, Mholanzi. Mtu mwenye umri ule na mkono ule hakuwa akiiba. Alikuwa akiuliza maswali kwa brashi.

Na kwetu je? Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, ndugu na jamaa waliokaa naye walijifunza kwa kuangalia mkono wake na kurudia alichofanya. Alifariki mwaka 1972, kazi ikaendelea kwa sababu ile mikono ilikuwa imeshajifunza. Mwambie rafiki yako kwamba fundi cherehani, fundi wa kuchonga milango ya Zanzibar na mpiga zeze wote wameanzia hapo.

Nusu ya ukweli aliyonayo ni hii: ukinakili sura ya picha bila kujua kwa nini kila kitu kiko pale kilipo, unabaki na sura tu. Ni kama mwanafunzi wako anayenakili jibu la hesabu kutoka kwa jirani yake. Namba ni sahihi, lakini mtihani ukija amekaa mbele ya karatasi tupu. Kwenye The Hay Wain cha kunakili ni maamuzi: kwa nini pale pana giza, kwa nini wekundu umewekwa hapa na si kule, kwa nini rangi hii ni nene na ile ni nyembamba kama chai. Hayo maamuzi utayabeba hadi Uluguru. Gari la farasi hutalibeba.

Kwanza ujue unachokiangalia ni kitu gani, maana kalenda imekudanganya, kama kadi ya posta ilivyonidanganya mimi. Picha yenyewe ipo National Gallery, London, na ina upana wa sentimita 185 na urefu wa sentimita 130. Ni karibu ukubwa wa kitanda. Nilipopata nafasi ya kusimama mbele yake kwa mara ya kwanza, baada ya kuwa nimeshainakili kutoka kwenye kadi, kilichonishtua ni ngozi yake. Mimi nilikuwa nimepaka kila mahali kwa unene mmoja, kama mtu anayepaka ukuta. Yeye kwenye vivuli amepaka rangi nyembamba hadi kahawia ya chini inachungulia, na kwenye mwanga amerundika rangi hadi ina mgongo. Juu ya maji na majani amedondosha vitone vyeupe vidogo, vingine vikavu, vingine vinene. Watazamaji wa zama zake walivicheka, wakaviita theluji. Uchapaji wa kalenda unasawazisha yote hayo, unene na wembamba vinakuwa kitu kimoja. Kwa hiyo weka kalenda pembeni. Tovuti ya National Gallery inakuruhusu kuivuta picha karibu hadi uone alama za brashi. Tumia hiyo, kwenye kompyuta kama unaweza kuipata shuleni, na simu iwe akiba.

Mahali panapoonekana kwenye picha ni Flatford, kwenye mto Stour, na baba yake ndiye aliyekuwa na kinu pale. Nyumba ya kushoto ni ya mkulima aitwaye Willy Lott, naye alikaa humo miaka zaidi ya themanini na karibu hakulala kwingine. Gari ni tupu, linavuka maji ya kina kifupi kwenda kwenye konde la kulia. Ukitazama mbali kule, utaona vijitu vyeupe vikikata nyasi, na gari jingine linapakiwa. Constable alipoionyesha Royal Academy, chuo cha sanaa cha London, mwaka 1821 hakuiita The Hay Wain, yaani gari la nyasi kavu. Aliipa jina la mandhari ya saa sita mchana. Jina hilo lishike, nitalirudia.

Na hakuichorea mtoni. Aliichora London, akitumia michoro midogo aliyoifanya Flatford kwa miaka mingi. Alipofika kwenye gari akagundua halijui vizuri, akaomba kijana wa rafiki yake wa kijijini amchoree magari ya nyasi kavu na kumpelekea. Kabla ya picha ya mwisho alichora nyingine ya kujaribia, yenye ukubwa uleule. Ipo hadi leo kwenye jumba la Victoria and Albert, humohumo London. Iangalie hiyo kabla hujagusa brashi. Ni kahawia karibu yote, rangi chache, imepakwa kwa haraka, sehemu nyingi msingi wa kahawia umeachwa wazi. Pale unamwona fundi akipanga mwanga na giza kabla ya kuhangaika na jani lolote. Na mbele, ukingoni, kuna mtu juu ya farasi. Kwenye picha ya mwisho huyo mtu hayupo. Alimwondoa akaweka pipa, kisha pipa nalo akalifuta, akabaki mbwa peke yake akiangalia gari. Rangi ya mafuta huzidi kupenya mwanga kadiri inavyozeeka, ndiyo maana ukiangalia vizuri unaona kivuli cha kile alichokifuta. Mimi hupenda kuwaonyesha wanafunzi mahali hapo kuliko mahali pengine popote kwenye picha ile, maana pale unaona fundi mkubwa akibadili mawazo mara mbili.

Sasa nyufa zako. Umejijibu mwenyewe kwenye barua. Ile nyeupe ya kopo, ambayo dukani pia wanaiita rangi ya mafuta, ni glosi ya milango, na si sawa na rangi ya tyubu ya wachoraji ingawa jina ni moja. Rangi ya tyubu imesagwa na mafuta ya kitani. Mafuta hayo hayakauki kama nguo kwenye kamba. Nguo hukauka kwa maji kuondoka, mafuta ya kitani yanabaki palepale, yanavuta oksijeni ya hewani na kugeuka polepole kuwa utando mgumu. Huchukua siku, na rangi ikiwa nene huchukua wiki na miezi. Glosi inakakamaa kwa siku moja. Wewe uliweka buluu ya tyubu chini, bado laini na bado inajongea, ukaifunika na ganda gumu. Ganda likapasuka. Wachoraji wa Tingatinga wanatumia rangi za kopo na kazi zao zinadumu, lakini wao wanatumia za kopo mwanzo hadi mwisho, na wale wa mwanzo walizipaka juu ya hadibodi isiyonesanesa. Kosa liko kwenye kuchanganya hizo mbili.

Kanuni ya mafundi wa zamani ni fupi: chini mafuta machache, juu mafuta mengi. Koti la kwanza lizimuliwe na tapentaini kidogo bila kuongeza mafuta. Linalofuata litumike kama lilivyotoka kwenye tyubu. La mwisho ndilo linaweza kupata tone la mafuta ya kitani. Amba, ile kahawia ya udongo, hukauka upesi, ndiyo maana inafaa chini. Nyeupe ya titani hukauka pole, hivyo usiirundike mwanzoni.

Marekani ni kitambaa kizuri, usikiache, lakini mafuta ya rangi yakigusa pamba tupu huiozesha miaka ikipita. Kipe kwanza makoti mawili au matatu ya jeso ya akriliki, ile nyeupe ya kutayarishia kitambaa, na kila moja likauke kabla ya jingine. Kama jeso haipatikani Morogoro, kwa mazoezi tu tumia kipande cha hadibodi ulichokipaka rangi ya maji ya ukutani isiyong'aa. Haitadumu kama jeso, lakini mazoezi si ya kudumu. Na nyeupe ya tyubu nunua moja kubwa hata kama itabidi uache rangi nyingine tatu, kwa sababu kwenye picha ya mbingu nyeupe inakwenda kama sukari kwenye chai ya msibani.

Jambo moja la usalama, na tafadhali lichukulie kwa uzito. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani usiyakunje na kuyatupa kwenye pipa. Yanapovuta oksijeni hutoa joto, na yakiwa yamekunjwa joto halina pa kutokea, yanaweza kuwaka yenyewe bila kiberiti. Yatandaze nje yakauke, au yaloweke kwenye maji. Na tapentaini itumie dirisha likiwa wazi.

Tuingie kwenye kazi. Utakapoirudia picha nzima, chukua ubao wa sentimita 62 kwa 43, ambao ni theluthi moja ya picha ya asili kila upande. Ukubwa tofauti una faida nyingine: Louvre, jumba la sanaa la Paris, ambako wachoraji wamekuwa wakinakili tangu jumba lilipofunguliwa mwaka 1793, hadi leo nakala hairuhusiwi kulingana ukubwa na picha ya asili, ili isije ikauzwa kama ndiyo yenyewe. Gawa kila upande wa ubao sehemu nane, piga mistari kwa penseli, ugawe na picha yako vilevile. Usitumie siku nyingi hapo. Wewe penseli unaijua.

Kabla ya penseli, ubao wote uupake rangi ya kahawia hafifu iliyochanganywa na wekundu kidogo: amba, siena iliyochomwa (udongo wa kahawia nyekundu), tapentaini, ufute kwa kitambaa. Sababu yake ni jicho lako. Juu ya weupe kila rangi unayoweka inaonekana nzito kuliko ilivyo, nawe unaogopa, unaipausha. Mwisho wa siku picha nzima imekuwa hafifu na hujui umekosea wapi. Juu ya kahawia unaona mara moja kipi ni chepesi na kipi ni kizito. Kisha kuna kahawia yenyewe kuchungulia kati ya majani, ambayo Constable aliitumia sana. Kijani kilichozungukwa na vijipengo vya kahawia nyekundu kinaonekana kibichi zaidi kuliko kijani kilichopakwa kote bila pengo.

Siku ya kwanza paka mwanga na giza tu, kwa amba. Finya macho uiangalie picha hadi vitu vipotee majina yake. Hutaona tena nyumba wala mti, utaona madoa manne: doa kubwa la giza la miti ya kushoto na katikati, doa la mbingu lenye mwanga mwingi, doa la kati la konde la kulia, na maji ambayo yanabeba kidogo kidogo cha yote matatu. Ukuta wa nyumba na mgongo wa mwanga mtoni ni vipande vidogo vinavyong'aa ndani ya giza. Kama nakala yako kwa kahawia peke yake haisomeki kutoka upande wa pili wa chumba, hakuna kijani duniani kitakachoiokoa. Iache ikauke siku mbili tatu.

Sasa kijani, ambacho ndicho kilichokuleta kwangu. Nikikisia, una tyubu ya kijani, na kwenye mwanga unaiongeza nyeupe, kwenye kivuli unaiongeza nyeusi. Hiyo ndiyo plastiki. Ndoo ya plastiki ni kijani kimoja ambacho kimepata mwanga na kivuli. Jani la kweli haliko hivyo: kwenye jua linakwenda njano, likiwa linapigwa na mwanga wa mbingu linakwenda buluu, jua likipita ndani yake kutoka nyuma linawaka kama ndimu, na kwenye kivuli linazama kwenye kahawia. Eugène Delacroix, Mfaransa aliyeiona The Hay Wain ilipopelekwa Paris mwaka 1824, ambako Constable alipata medali ya dhahabu ya mfalme Charles X, aliandika katika shajara yake mwaka 1846 kwamba, kwa maneno ya Constable mwenyewe, ubora wa kijani cha makonde yake unatokana na kuwa kimeundwa kwa aina nyingi za kijani zilizowekwa pamoja. Soma sentensi hiyo mara kumi. Kijani kinachanganywa kwenye paleti, lakini kinakamilika kwenye picha, doa kando ya doa.

Kwa hiyo tyubu ya kijani ifungie kabatini. Chukua buluu mbili, ultramarini na buluu ya Prusia, njano mbili, ile ya ndimu na ile ya udongo iitwayo oka, pamoja na siena iliyochomwa, amba, nyekundu moja, nyeusi na nyeupe. Kata karatasi ngumu, uipake jeso, uchore visanduku ishirini, na utengeneze kijani ishirini ambacho hakuna kinachofanana na kingine. Buluu ya Prusia na njano ya ndimu watakupa kijani kikali kinachouma jicho. Ipunguze kwa chembe ya siena na utaona inatulia na kuwa nyasi. Ultramarini na oka watakupa kijani cha vumbi, kizuri kwa miti ya mbali. Nyeusi na njano, jambo ambalo wengi hawaliamini hadi walione, wanatoa kijani cha zeituni kilichokolea ambacho kwenye kivuli cha mti mkubwa hakina mpinzani.

Kisha vipe majina, na usivipe majina ya kwenye tyubu. Andika chini ya kila kisanduku jina la kitu unachokijua: kisamvu kibichi, kisamvu kilichopikwa, mgomba mchanga, mgomba uliochanwa na upepo, mwarobaini, mchicha, mkonge, nyasi za Januari, nyasi za Septemba. Usisahau kwamba majani machanga ya mwembe si ya kijani kabisa, yanatoka na rangi ya shaba. Nimefundisha watu wengi kwa njia hii, na kila mara nimeona kitu kilekile: mtu anayesema "hapa pawe kisamvu kilichopikwa" anaipata rangi haraka kuliko anayesema "kijani cha giza", kwa sababu jicho lake limeshaiona mara elfu moja. Karatasi hiyo itundike mbele yako, uitafute miti ya Suffolk kwenye kisamvu chako. Utaipata.

Unapofika kwenye miti yenyewe, usichore jani. Constable amepaka giza la mti kwanza kama wingu zito, kisha juu yake ameweka makundi ya mwanga upande jua linakotoka, na mwisho kabisa vidoa vichache vyenye rangi nene. Ukihesabu hivyo vidoa vya mwisho utashangaa uchache wake. Macho yako ndiyo yanayomalizia majani yaliyobaki.

Halafu tafuta wekundu. Ni kidogo sana, kwenye hatamu na kola za farasi. Ficha vidoa hivyo kwa kidole kwenye skrini, uone kijani cha picha nzima kinavyopoa. Ondoa kidole, kijani kinaamka. Picha nzima ya upana wa karibu mita mbili inaamshwa na vijidoa unavyoweza kuvifunika kwa kidole. Huo ni uamuzi wa kunakili, na utakufaa hata utakapochora mama aliyefunga kanga nyekundu kati ya migomba.

Zoezi la pili baada ya kijani liwe gurudumu. Kata dirisha dogo kwenye karatasi, liweke juu ya gurudumu la gari na maji yanayolizunguka, na unakili hapo tu, kwenye ubao wa ukubwa wa daftari. Maji yatakufundisha kwamba hayana rangi yake. Chini ya mti ni kahawia na kijani cha mti, mbele kidogo ni mbingu, na pale yanapokuwa ya kina kifupi unaona mchanga wa chini. Taswira ya kitu chenye mwanga huwa nzito kidogo kuliko kitu chenyewe, na taswira ya kitu cha giza huwa nyepesi kidogo. Vuta brashi kutoka juu kwenda chini kwa taswira, rangi ikiwa mbichi, kisha pitisha mistari michache ya ulalo kwa ajili ya uso wa maji. Ukiivuta mingi maji yanageuka bati. Hilo gurudumu lirudie mara tatu kabla ya kwenda kwingine.

Mawingu. Pamba inatokea kwa sababu umeyazungushia ukingo uleule kila upande, na chini hukuweka kivuli. Wingu ni kitu chenye uzito: kichwa kinapigwa na jua, tumbo liko kivulini. Upande mmoja ukingo ni mkali, upande mwingine unayeyuka hadi hujui wingu limeishia wapi. Na mawingu yana umbali kama barabara ilivyo na umbali, yale yaliyo juu ya kichwa chako ni makubwa, yanayokaribia upeo wa macho ni madogo, bapa, yamebanana. Kijivu cha tumbo usikitengeneze kwa nyeusi, kitakuwa moshi wa kiwanda. Ultramarini, siena iliyochomwa na nyeupe vitakupa kijivu chenye uhai, ukiongeza siena kinapata joto, ukiongeza buluu kinapoa.

Constable aliona mbingu ndiyo inayoamuru kila kitu kwenye mandhari, kwa kuwa mwanga wote unatoka huko, na alimwandikia rafiki yake hivyo mwezi Oktoba 1821. Mwaka huo na uliofuata alikuwa akitoka nje Hampstead, kwenye vilima vya London, na kuchora mawingu kwenye vipande vidogo vya karatasi, na nyuma ya vingi aliandika tarehe, saa, upepo na hali ya hewa. Ifanye hiyo. Dakika thelathini, ubao wa ukubwa wa viganja viwili, mbingu peke yake, nyuma uandike siku, saa, na kama ni kusi au kaskazi. Milima ya Uluguru inakusanya mawingu kila siku. Kwa hili huhitaji Suffolk hata kidogo.

Na hapo ndipo ninapompa rafiki yako haki yake. Baada ya mazoezi haya matatu, toka nje. Lakini chagua mwezi. Nilikuambia ukumbuke kwamba picha ni ya saa sita mchana. Flatford, kiangazi cha kule, jua la saa sita linapanda hadi karibu digrii 60 kutoka upeo, halifiki utosini. Ndiyo maana miti ya Constable ina upande wa mwanga na upande wa kivuli hata mchana. Morogoro, mwanzoni mwa Machi na katikati ya Oktoba, jua la saa sita liko juu ya kichwa kabisa. Mti unakalia kivuli chake, mwanga unatoka juu tu, na kila ulichojifunza kuhusu upande wa jua kitaonekana cha uongo. Lakini mwezi Juni jua la saa sita la Morogoro nalo linapanda karibu digrii 60, likiwa upande wa kaskazini. Kwa wiki chache hizo, mwembe wa shuleni kwenu unapata mwanga kwa pembe ileile iliyopata miti ya Willy Lott. Chora wakati huo. Miezi mingine chora saa mbili asubuhi au saa kumi na moja jioni, hadi jicho lako lizoee jua la utosini na kulitafutia namna yake. Sam Ntiro, mtoto wa Kilimanjaro, alisoma Makerere na baadaye chuo cha sanaa cha Slade, London, kisha akaendelea kuchora vijiji na mashamba ya Wachaga kwa rangi za mafuta kwa mtindo ambao hakuuazima London: watu wengi wadogo kazini, maumbo mepesi, rangi bapa. Tafuta picha zake uziweke kando ya Constable. Wote wawili wanachora watu wakifanya kazi shambani, na wamefikia maamuzi yasiyofanana hata moja.

Swali la wizi limebaki na sehemu moja ndogo. Constable alifariki mwaka 1837, haki za picha zake zimekwisha zamani, unaruhusiwa kunakili na hata kuuza. Nyuma ya ubao andika jina lako, mwaka, na maneno "nakala kutoka kwa John Constable". Mbele usiweke jina lake kamwe.

Ile iliyopasuka usiitupe. Ikwangue mbingu taratibu kwa kisu cha rangi hadi glosi yote itoke, upige msasa hafifu ukiwa umefunga pua na mdomo, na uitumie kwa kuchanganyia kijani. Ukimaliza visanduku ishirini na gurudumu la kwanza, nitumie picha zake. Zipige nje, kivulini, asubuhi, bila taa na bila kuzirekebisha rangi, ili nione kijani ulichokipaka.